Jukwaa la Mafundi

Kigango kinapojenga kanisa, kila mtu hutazama ukuta unavyopanda. Wachache hutazama miti inayombeba fundi. Mimi ni karani wa parokia, na kwa kuwa nilisomea ualimu chuoni, watu huniita mwalimu. Kazi yangu ni kuandika fedha inayoingia na inayotoka, na katika daftari hilo nimeona ya kuwa fedha ya jukwaa hutolewa kwa shida kuliko nyingine zote.

Sababu yake ni nyepesi. Saruji hubaki, bati hubaki, lakini jukwaa hubomolewa kazi ikiisha. Katika kikao cha kamati yetu mzee mmoja aliniuliza: “Mwalimu, ya nini kununua miti na mbao za siku chache? Mafundi si wapande juu ya mapipa?” Wengi wakamuunga mkono. Fundi wetu akajibu kwa upole: “Mzee wangu, ukuta ukipinda nitaubomoa, niujenge tena. Kijana huyu akivunjika mgongo, nani atamjenga?” Kamati ikanyamaza, kisha ikapitisha fedha.

Hakusema hivyo kwa kututisha bure. Mwaka uliotangulia, katika nyumba iliyojengwa karibu nasi, ubao ulivunjika, na kijana saidia fundi akaanguka kutoka kimo cha lenta. Alivunjika paja, akalala hospitali wiki nyingi. Shamba lao halikulimwa kwa wakati, na mwaka ule mkewe na mama yake walikula mahindi ya kununua. Bei ya ubao mpya haikufika hata nauli ya gari lililompeleka hospitali.

Basi, nieleze tuliyoonyeshwa na fundi wetu.

Miti iwe imenyooka, isiyo na ufa wala mchwa. Mti mbichi ukikauka husinyaa, na kamba iliyokazwa jana hulegea. Kwa hiyo vifungo hutazamwa kila asubuhi, hasa baada ya mvua. Chini ya kila nguzo huwekwa kipande cha ubao mpana, maana udongo ukilowa nguzo hudidimia na jukwaa lote huinama. Kadhalika nguzo hufungwa kwa miti ya mshazari, na jukwaa hushikizwa kwenye jengo lenyewe ili lisiyumbe.

Mahali pa kukanyaga, ubao mmoja hautoshi. Mbao zipangwe zikibanana, na ncha zake zivuke kidogo tu mti unaozibeba. Zikivuka mno, mtu akikanyaga ncha, upande wa pili huinuka kama pembea ya watoto. Upande wa nje ufungwe mti wa kuzuia, kimo cha kiuno, yaani kama meta 1, na chini yake ubao wa kuzuia matofali yasiwaangukie walio chini. Wala matofali yasirundikwe juu kama ghalani.

Ngazi nayo ina kipimo chake: ikiegemea kimo cha meta 4, mguu wake ukae meta 1 kutoka ukutani. Ifungwe juu, tena izidi jukwaa kwa meta 1, mtu apate pa kushika anaposhuka.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo humdai mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Lakini mkaguzi hawezi kushinda katika kila kijiji. Ninyi wazee wa kamati, tikiseni nguzo kabla kazi haijaanza. Ninyi kina mama mnaoleta maji, msipite chini ya jukwaa, na watoto wasicheze hapo.

Nasi hatukupoteza kitu. Kazi ilipokwisha, miti ile ile ilijengea jiko la shule, na mafundi wote walirudi kwao kwa miguu yao.