Lugha za Mpakani na Somo la Kiingereza

Tunduma ni mlango wa nchi. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili. Katika Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016 kutokana na Mbeya, husikika pia Kinyiha, Kindali na Kibungu; biashara huongeza Kibemba. Mtoto wa hapa aweza kuamkia, kununua na kutania kwa lugha tatu. Hata hivyo, akiingia sekondari, ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza baada ya Kiswahili cha shule ya msingi, aghalabu huhesabiwa kuwa hana lugha.

Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, naona hesabu hiyo ina kasoro. Tutazame tofauti ya "a book" na "the book". Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo, na kanuni iliyokaririwa husahauliwa upesi. Lakini mwulize mwanafunzi tofauti ya "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu". Atajibu kwamba katika sentensi ya pili kitabu kinajulikana. Maana tayari anayo. Imebaki kuivika vazi la Kiingereza. Tena, Kiswahili husema "nilikula" kwa asubuhi ya leo na kwa mwaka uliopita. Kibemba hutenga katika kitenzi jambo la leo, la jana na la zamani. Aliyezizoea lugha hizi mbili anajua kwamba kila lugha hugawa wakati kwa kisu chake, wala hatastaajabu Kiingereza kikitenga "I ate" na "I have eaten".

Yamkini mtu atauliza: mwalimu mgeni atazijuaje lugha hizi zote? Si lazima azijue. Kazi yake ni kuuliza, na wenye majibu wameketi mbele yake. Swali zito zaidi ni hili: Kiingereza chenyewe kitasemwa lini? Ni kweli kwamba lugha haijulikani pasipo kusemwa. Kwa hivyo ulinganisho na uwe mfupi, uishie katika sentensi ya Kiingereza iliyotamkwa na mwanafunzi mwenyewe.

La kuhofiwa ni kimya. Mwanafunzi anayeadhibiwa kwa neno la nyumbani hajifunzi Kiingereza, hujifunza kunyamaza. Kosa lililosikika husahihishwa, lakini lililofichwa moyoni huenda naye mpaka chumba cha mtihani.