Kwenu ni Wapi?

Kanisa letu la Langas, mtaa wa Eldoret, lilikuwa na desturi niliyoipenda sana. Baada ya matangazo, mzee wa zamu aliwaomba wageni wasimame, kila mmoja ataje jina lake na kwao ni wapi, kisha tukawapigia makofi. Niliianzisha mimi mwenyewe mwaka 1996, nilipokabidhiwa kundi lile nikiwa mchungaji kijana. Kwangu, mgeni aliyetajwa jina mbele ya watu alikuwa amekaribishwa.

Msomaji asiyeijua Eldoret afahamu kwamba mji huu ulianzia kwenye shamba nambari 64, na hadi leo wenyeji wengi huuita Sisibo. Kazi za reli, viwanda vya nguo, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa zilileta watu kutoka kila pembe ya Kenya, na wengi wao wakapanga vyumba Langas: Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wakisii, Wajaluo, Waturkana. Hapa kwetu, ukisikia Wanjiku, Chebet au Nafula, huna haja ya kuuliza kabila.

Kisha ikaja Januari 2008, na ghasia za baada ya uchaguzi. Siku ya mwaka mpya, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Siku hizo hizo Askofu Cornelius Korir wa Kanisa Katoliki alifungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, na maelfu wakapata mahali pa kulala. Mimi si Mkatoliki. Nilipeleka pale unga na blanketi, nikasimama langoni karibu saa nzima, na sikumsikia mtu hata mmoja akiulizwa kwao ni wapi.

Sisi tulifungua milango tena Jumapili ya kwanza ya Machi, siku chache baada ya Rais Kibaki na mpinzani wake Raila kutia sahihi mkataba wao wa amani. Nusu ya mabenchi yalikuwa matupu. Mzee akasema, kama kawaida, wageni wasimame. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainuka, akafungua kinywa, sauti isitoke. Akaketi. Nasi, Mungu atusamehe, tukapiga makofi. Alipoondoka kabla ya sala ya mwisho nilimfuata hadi langoni. Akaniambia, "Pasta, nimekuja kuomba. Sikuja kujulikana."

Sikulala usiku ule. Kwa miaka 12 nilikuwa nimewasimamisha watu wajitangaze kabila mbele ya majirani, nikaita jambo hilo ukarimu.

Baraza la wazee lilikataa mabadiliko kwa miezi mitatu. Mzee mmoja niliyemheshimu kama baba aliniuliza, "Mchungaji, sasa hata kumsalimu mgeni ni dhambi?" Nilimjibu kwamba salamu tutazidisha, maswali ndiyo tutapunguza. Mwishowe tukakubaliana kwamba mgeni hasimamishwi. Mtu mmoja anakaa naye, anamfungulia kitabu cha nyimbo, anampeleka kwenye chai. Kwenye daftari la wageni tukafuta safu ya "kwenu".

Hayo yalikuwa mepesi. Uzito ulikuwa nje, karibu na tangi la maji, ambako baada ya ibada kila kundi lilisimama peke yake likizungumza lugha ya mama. Mimi ni Mnandi, yaani Mkalenjin, na nilikuwa nikienda moja kwa moja kwa Wanandi wenzangu. Nilikuwa nimehubiri umoja saa nzima, kisha nikaufuta kwa hatua 20. Waumini husahau mahubiri kufikia Jumanne, lakini hawasahau mchungaji alisimama na nani.

Mwaka 2009 Askofu Korir alitoa kijitabu, Amani Mashinani, kuhusu namna alivyowakutanisha wachache wachache kwanza, kisha akawapa kazi ya pamoja. Nilikisoma mara tatu. Kazi yetu tuliipata kwenye matanga. Kamati za mazishi zilikuwa zikigawanyika kwa kabila, kila watu na maiti wao. Tukaamua mwenyekiti wa kamati asitoke kamwe katika jamii ya mfiwa. Mnandi akalazimika kuchanga, kupiga simu, kukodi matatu na kulala Kakamega au Nyeri akizika jamaa wa mtu aliyekuwa akimwogopa. Sijaona somo la Biblia lililofanya kazi kuliko zile safari.

Tulilipa pia. Baraza lilikuwa na wazee tisa, saba wa jamii yangu. Tulipobadilisha namna ya kuwachagua, familia kadhaa zilihama, na baadhi ni ndugu zangu wa damu. Bado inaniuma. Ningefanya vivyo hivyo tena.

Yule mama alirudi. Aliniambia jina lake mwaka uliofuata, jikoni, tukiosha vikombe, bila kuulizwa. Nilipostaafu mwaka 2023, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wakaribishaji wetu.

Mchungaji unayesoma haya, Jumapili ijayo mgeni akifika mlangoni, mpe mkono, mwonyeshe kiti. Kwao atakuambia mwenyewe siku akitaka.