Kwa Mshonaji wa Kadutu

Mtu atokaye Goma kwenda Bukavu kwa njia ya Ziwa Kivu huuona mji muda mrefu kabla ya kuufikia. Rasi zake tano zimeingia majini, na nyumba zimepanda milima pande zote. Huu ndio mji ulioitwa zamani Costermansville. Sisi tulifika huko siku za mwisho za Agosti 2019. Kiangazi kilikuwa hakijaisha, na vumbi lilitufuata toka bandarini mpaka juu Kadutu, kwenye soko kubwa.

Siku zile watu wote walikuwa na neno moja midomoni: shule. Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imesema kwamba mafundisho ya shule ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Lakini kwa miaka mingi wazazi waliendelea kulipa. Sasa serikali ilitangaza kwamba tangu Septemba 2019 neno hilo litatimizwa. Furaha ilikuwa kubwa. Hata hivyo akina mama tuliowakuta njiani walikuwa wakihesabu kwa vidole. Masomo ni ya bure, walisema, lakini shati jeupe na sketi ya buluu si vya bure.

Sokoni tuliona marobota ya mitumba yamefunguliwa juu ya maturubai: makoti, mashati na suruali zilizovaliwa kwanza Ulaya na Marekani, zikavuka bahari mpaka Mombasa au Dar es Salaam, kisha zikapanda malori hata kufika hapa. Ng'ambo ya mto Ruzizi, nchi ya Rwanda ilikuwa imepandisha ushuru wa nguo hizo mwaka 2016, toka dola 0.20 mpaka dola 2.50 kwa kila kilo, ili kulinda viwanda vyake. Lakini upande huu wa mto zilikuwa bado zimerundikwa tele. Nyuma ya wauzaji walikaa washonaji, kila mmoja na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Kazi yao ni kuifanya nguo ya mtu mmoja ipate kumfaa mwingine.

Tuliomba ruhusa kuketi kwa mshonaji mmoja mzee. Mara akafika mama mmoja, amemshika mkono binti yake wa miaka 7.

"Baba, nimekuja kuuliza bei ya sketi ya shule."

Alipoambiwa bei ya kitambaa kipya, alinyamaza akatazama chini. Mzee naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mama, nyumbani hakuna suruali ya buluu ya zamani?"

"Ipo moja, Baba. Ni ya marehemu baba yake. Imekaa sandukuni tangu tulipomzika."

Mzee hakumhimiza. "Nenda ufikiri, Mama," alisema. "Makasi yakiisha kupita hayarudi nyuma. Lakini ujue kwamba nguo ya sufu ikikaa sandukuni, nondo nao wanaitazamia."

Asubuhi yake tulirudi, tukamkuta yule mama amekwisha kufika na suruali imekunjwa ndani ya kitenge. Ndipo tulipojifunza kwamba kushona nguo mpya toka nguo ya kale hakuanzi kwa kukata, bali kwa kutazama. Mzee aliinua suruali mbele ya jua. Mahali penye mwanga mwingi, kitambaa kimekuwa chembamba: ndipo kwenye magoti na makalio. Mahali penye giza, kitambaa kingali na nguvu. Akaweka alama kwa chaki. Kisha akafumua mishono yote kwa wembe, polepole, pasipo kuvuta, akapata vipande vinne vya miguu. Akavipiga pasi ya makaa, akavigeuza. Kumbe! Upande wa ndani, ambao jua halikuufikia, ulikuwa na rangi ya buluu kama siku ulipotoka dukani.

Tena akavipindua vile vipande. Sehemu ya paja, iliyo pana, aliiweka chini iwe upindo wa sketi; sehemu ya kuelekea gotini, iliyo nyembamba, aliiweka juu kiunoni. Hivyo magoti yaliyochakaa yakaangukia penye mshipi, akayakata. Zipu hakuitupa, wala vifungo. Palipohitaji kiraka cha ndani alitumia kitambaa cha suruali ileile. "Kiraka kipya kinajikunja kikifuliwa, nacho kinairarua nguo," alisema. Wenye kusikiliza Injili watakumbuka kwamba jambo hili si geni masikioni mwao.

Shati nalo lilitoka katika shati la mtu mzima lililonunuliwa penye marobota. Kola yake ilikuwa imekatika penye mkunjo, lakini mgongo na sehemu za chini zilikuwa nzima. Mzee alipanga kifua cha mtoto juu ya ukanda wa vifungo vya zamani, asipate kazi ya kutoboa matundu mapya.

Wakati wembe ulipoanza kufumua, yule mama aligeuza uso. Baadaye alisema neno moja tu: "Baba, mfuko mmoja uuache." Mzee akauacha. Akakunja pia upindo wa vidole vinne. "Mtoto atakua," alisema. "Kila mwaka fungueni kidole kimoja." Bei aliyoitaka ilikuwa ya uzi na ya kazi yake tu.

Binti akavaa. Alijitazama mbele na nyuma, kisha akatia mkono mfukoni, akautuliza humo. Mama yake akamwambia, "Baba yako alikuwa akisimama hivyohivyo."

Wasomaji wapenzi, wazee wetu walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Wako watu waionao nguo ya kale kuwa aibu, na wako watoto wanaowacheka wenzao shuleni kwa sababu hiyo. Ninyi vijana mnaojifunza ushonaji, jueni kwamba kitambaa kipya kinamtii kila mtu. Kitambaa cha kale kinamtii fundi peke yake. Na ninyi wazazi, kabla ya kukopa fedha, fungueni sanduku mkalitazame mbele ya jua.

Jumatatu, tarehe 2 Septemba, kabla ya kushuka bandarini, tulisimama njiani Kadutu. Watoto wengi waliteremka mlima, weupe juu na buluu chini. Tulimtafuta binti yetu kwa macho. Hatukuweza kumtambua, maana nguo zote zilikuwa sawa.