Jicho Lisilo na Pazia

Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, kamera iliyotegwa karibu na ardhi ilimpiga picha mnyama ambaye hakuwamo katika kitabu chochote cha sayansi. Alikuwa sange mwenye uso wa kijivu, uzito wake kiasi cha gramu 700, na mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya kwa jina la Rhynchocyon udzungwensis. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa chombo. Lisilosimuliwa ni kwamba chombo cha kumwona mnyama mdogo kiasi hicho sharti kikae chini, mahali ambapo mkono wa mpita njia yeyote hukifikia.

Hapo ndipo penye mtihani wa kila ategaye kamera msituni. Wanaohofia wizi hushauri ipandishwe juu ya shina mita mbili na nusu au tatu, iinamishwe kwa kabari, iwekwe kando ya njia za watu, na mwanga wake wa usiku uwe ule usioonekana kwa macho. Kwa nyati au tembo ushauri huo wafaa. Kwa sange, kamera iliyo salama namna hiyo ni kipofu, kwani kitambuzi chake huhisi joto linalosogea, na joto la kiumbe kidogo kilicho mbali ni hafifu mno. Hana budi mtegaji kuifunga kwenye kimo cha goti, kisha atafute ulinzi mwingine: kisanduku cha chuma, waya wa chuma uliosokotwa kuzunguka shina, kufuli, na nambari ya siri itakayoifanya isimfae aliyeiiba. Shina nalo liwe nene, maana mti mwembamba hukatwa kwa panga na kufuli likaondoka zima.

Yote hayo hununua muda tu; mwenye nia na msumeno hashindwi na waya. Tena hesabu hiyo humchukulia mwizi kuwa mtu anayetamani kifaa ili akiuze. Yuko mwingine, asiyeitaka kamera hata kidogo, bali ataka uso wake usibaki ndani yake. Huyu huondoka na kadi ya kumbukumbu, au huivunja kamera papo hapo.

Kwa miaka mingi wanakijiji wa upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Kamera za utafiti zilikuwa zimekwisha kuanza kutegwa kila mwaka, tangu 2009, katika vituo 60 vya msitu wa Mwanihana, ndani ya hifadhi hiyohiyo. Mama ambaye angepita mbele ya kamera mwaka 2010 na mzigo kichwani angekuwa mpita njia; kwa mzigo uleule mwaka 2012 angekuwa mkosaji, na ushahidi juu. Kamera ni ileile, na mafiga ya mama ni yaleyale.

Waswahili husema macho hayana pazia. Msemo huo humsamehe mtazamaji, kwa kuwa jicho la nyama huona likasahau. Jicho la kamera halisahau, na mwenye kamera aweza kuulizwa na mwenye mamlaka limeona nini. Kwa hiyo mtegaji atakaye kuikuta kamera yake alipoiacha ana kazi kijijini kabla ya msituni: kuketi na wazee na uongozi wa kijiji, kuwaonyesha picha zilizotangulia, kueleza picha za watu zitafutwa au zitakwenda kwa nani, kisha kutimiza neno lake. Kama zitakwenda kwa askari wa hifadhi, na aseme hivyo, naye asistaajabu akilikuta kufuli limevunjwa.

Visanduku vingi vya namna hii hubandikwa karatasi yenye nambari ya simu na maneno machache: utafiti wa wanyama. Maneno hayo huonekana kama taarifa tu. Kwa mama mwenye mzigo, anayesimama kuyasoma akiwa peke yake porini, ni ahadi.