Kidonda Nyuma ya Sikio la Mama

Tulikigundua kidonda cha Mama wakati wa kumtawadhisha. Tulikuwa tumemtoa Mugumu, wilayani Serengeti, tukamlaza hospitalini Tarime akiwa na homa ya mapafu, nasi wanawe tukapokezana zamu kitandani pake. Adhuhuri ya siku ya nne, dada yetu alipompangusa masikio kwa maji, Mama alishtuka. Nyuma ya sikio, pale ulipopita mpira wa oksijeni, ngozi ilikuwa imechubuka hadi nyama.

Tulimwita muuguzi kwa sauti ya lawama. Alikuwa binti mmoja mwenye wodi nzima mikononi mwake. Hakujitetea. Alitwambia kuwa chuoni alisisitiziwa kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgongo na nyonga. Habari ya vidonda vya vifaa aliijua baadaye, kazini.

Alitufunza papo hapo. Kifaa kikibana ngozi mahali pamoja kwa muda mrefu, damu haipiti, na ngozi hufa. Hufanya hivyo mpira wa oksijeni masikioni, kinyago cha hewa juu ya pua, mpira wa mkojo pajani na plasta ngumu kisiginoni. Tena ngozi nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Huchunguzwa kwa weusi uliozidi, joto, ugumu na maumivu. Kisha akalegeza mpira, akaweka kitambaa laini cha hospitali chini yake.

Hapo ndipo tulipokumbuka, tukainamisha vichwa. Tangu siku ya pili Mama alikuwa akiligusa sikio lile na kuguna, nasi tulimjibu, "Subiri, Mama, ni maradhi." Tulimhimiza kusubiri jambo ambalo wajibu wetu ulikuwa kulitazama.

Wauguzi wanastahili kufundishwa elimu hii kikamilifu, na wodi zistahili kuongezewa wauguzi. Lakini jicho la jamaa nalo ni sehemu ya tiba. Wenye kuuguza, tazameni chini ya kila kifaa asubuhi na jioni. Msikitoe wala kukilegeza wenyewe, maana huenda ndicho kinachomshikia mgonjwa uhai. Mwiteni muuguzi, na mwiteni kwa upole. Udhu wa mgonjwa nao uwe wakati wa kumkagua.

Mama alipona, alhamdulillahi. Kovu lingalipo nyuma ya sikio, nasi hulipitia kila tumsaidiapo kutawadha.