Kuingia Bila Hodi

Kiswahili kimetupa neno moja, kumbukumbu, kwa vitu viwili: kile anachokibeba mtu kichwani, na kile kinachokaa ndani ya kompyuta maadamu umeme upo. Wapo wanaolalamika kwamba lugha yetu haina maneno ya kutosha ya teknolojia. Mimi neno hili nalishukuru. Ile miezi niliyokaa Wampembe nikimuuguza baba, lilinifanyia kazi pande zote mbili.

Baba alikuwa amepata kiharusi. Mimi nilikuwa na kazi iliyokuwa ikinisubiri mjini, na kazi hiyo ilidai nijue kitu kinachoitwa RDMA: kompyuta moja kufika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta nyingine. Kwa hiyo niliteremka kwa barabara ya Kitosi, kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi ziwani, nikiwa na dawa za mzee, kompyuta mpakato mbili za mitumba na kebo moja ya Etheneti. Programu zote nilizihitaji nilikuwa nimeshazishusha nikiwa Sumbawanga, maana sikutaka kutegemea mtandao wa simu.

Ngoja nieleze jambo lenyewe. Kwa kawaida, data ikifika kwenye kompyuta hupita kwa karani. Kadi ya mtandao inapokea, inaishtua prosesa, keneli ya mfumo endeshi inafungua bahasha, inasoma anwani, inanakili yaliyomo, ndipo programu inakabidhiwa chake. Kwa barua chache hakuna shida. Zikija mamilioni kwa sekunde, foleni yote iko kwa karani. RDMA inamruka. Kadi ya huku inasoma au kuandika kwenye kumbukumbu ya kule, na prosesa ya kule haishughulishwi kabisa. Kompyuta kubwa za kisayansi huishi kwa njia hii. Lengau ya Cape Town, iliyozinduliwa mwaka 2016 na kupewa jina la duma kwa Kitswana, iliunganishwa kwa mtandao wa InfiniBand, ambao ulibuniwa kwa kazi hiyohiyo.

Sasa, kadi za namna hiyo ni ghali, na kompyuta za mitumba hazinazo. Lakini tangu toleo la 4.8 la keneli ya Linux, mwaka huohuo wa 2016, imo moduli iitwayo rdma_rxe. Inachukua kadi ya kawaida ya Etheneti na kuifanyia kwa programu yale ambayo kadi ghali hufanya kwa chuma. Mwaka 2019, toleo la 5.3 likaongeza ndugu yake, siw, anayesafiria TCP.

Watu wa Wampembe hawahitaji maelezo marefu hapo. Utotoni mwangu hatukuwa na gati. Liemba, meli ileile iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, ilikuwa ikisimama majini na kupiga honi, nasi tunaifuata kwa boti. Baba alikuwa mmoja wa wenye boti. Usiku wa manane anapokea magunia, wagonjwa, mama wajawazito, kuku. Abiria alifika nchi kavu kama yule wa Kigoma, ila kwa jasho la mtu. Ndivyo ilivyo rxe. Programu yako inapata huduma ileile, bali jasho ni la prosesa, na mwendo si wa kujivunia. Ukitaka kasi, nunua kadi. Ukitaka kujifunza, inatosha.

Nilizipa mashine anwani 10.0.0.1 na 10.0.0.2, nikaita modprobe rdma_rxe kila upande, kisha:

rdma link add rxe0 type rxe netdev enp3s0

Hilo enp3s0 ni jina la kadi kwenye mashine zangu. Yako inaweza kuitwa vingine. Amri ya rdma link ikanijibu kwamba kiungo kiko hai. Nikawasha rping -s upande wa kwanza na rping -c upande wa pili. Kimya. Sababu ni kwamba RoCE ya toleo la pili husafirisha kila kitu ndani ya pakiti za UDP kupitia mlango namba 4791, na mlinzi wa mtandao kwenye mashine ya pili alikuwa anauzuia. Nilipoufungua, mistari ya herufi za alfabeti ikaanza kuteremka kwenye skrini. Mashine ya kwanza ilikuwa inazisoma kutoka kwenye kumbukumbu ya mwenzake, kisha inamwandikia hukohuko.

Baba alikuwa kwenye mkeka, akiangalia. Maneno yalikuwa yanamjia polepole.

“Hiyo inaingia kwa mwenzie... bila hodi?”

“Ina ufunguo, Baba. Mwenye nyumba ndiye aliyeutoa.”

Nikamweleza, na kwa kumweleza nikaelewa vizuri zaidi. Programu huchagua eneo la kumbukumbu yake, kuanzia hapa hadi pale, na kulisajili. Keneli hulishikilia eneo hilo lisihamishwe, na hutoa namba ya ufunguo. Programu humpa mwenzake anwani na ufunguo, pamoja na ruhusa: kusoma tu, au na kuandika. Akigusa hatua moja nje ya eneo hilo, anakataliwa. Kumbukumbu iliyobaki ni ya mwenyewe.

Akanyamaza. Mzee alikuwa na sababu ya kunyamaza. Tangu augue, ndugu zangu walikuwa wanamwandama: Baba, shamba mpaka wake uko wapi? Baba, nani anadaiwa? Baba, ile safari ya Mpulungu ilikuwaje, na yule mama ni nani? Walikuwa na haraka, walihofia yasije yakapotea yote. Na yeye kila wakimuuliza anageukia ukutani. Tulidhani amesahau.

Siku ya tatu, tukiwa tumemaliza ugali na migebuka, akanyoosha mkono wake mzima kuelekea daftari langu.

“Andika, mama. Nyavu na madeni.” Akapumua. “Na mpaka wa shamba. Mengine niachie.”

Nikaandika kwa siku nne. Majina, kiasi, mwembe ambao mpaka unapita. Hakuwa amesahau kitu. Ndugu zangu waliposoma waliniuliza mbona sikuuliza habari za Mpulungu. Nikawaambia hakunipa ufunguo wa huko. Dada yangu alikasirika, na sikumlaumu; baba yake pia anaweza kuondoka wakati wowote.

Niliporudi mjini nilikuta kadi za kweli. Programu niliyoiandika ziwani ilikwenda juu yake bila kubadilishwa, ila jina la kifaa.

Baba yupo. Anatembea kwa fimbo hadi ufukweni. Katika yale madeni, mawili yameshalipwa, na la tatu ameniagiza nilifute, bila kunieleza kwa nini.