Yan, Tan, Tethera: Siku Moja Shuleni Cumbria

Mvua ya Lake District, mkoani Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, haipiti, inakaa. Inakuja na ukungu, inalowanisha kope, kisha inajifanya imekatika ili uvue kofia. Ng'ambo ya milima kuna kijiji cha Seathwaite, kinachohesabiwa kuwa mahali penye mvua nyingi kuliko kwingine kokote wanakoishi watu nchini humo, na wenyeji wanakutajia habari hiyo kwa fahari.

Nilishuka kwenye basi mapema asubuhi. Barabara ilikuwa nyembamba, imebanwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila tone la saruji. Nyuma ya kuta walisimama kondoo wa Herdwick, nyuso nyeupe, manyoya ya kijivu, wakinitazama kama wazee wa baraza wanaomwona mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Kondoo hawa huzaliwa weusi, kisha rangi hufifia kadiri wanavyokua. Hewa ilinukia majani mabichi, moshi wa kuni na samadi.

Shule yenyewe ningeipita bila kuiona. Ni jengo la mawe meusi, paa la mawe ya bamba, kengele ndogo juu ya kipaa chake, na kanisa hatua chache tu kutoka getini. Wanafunzi wote hawafiki 50. Lakini kuingia si jambo la mzaha: mlango umefungwa, unabonyeza kitufe, unaandika jina, unavalishwa beji, na simu yako inabaki kwa katibu. Picha haziruhusiwi. Mwanzoni nilinuna, kisha nikashukuru, maana nililazimika kutazama kwa macho yangu mwenyewe. Katibu alinipa chai ya maziwa kabla sijaketi, akaniuliza kama nimepata baridi, akaongeza kikombe cha pili bila kungoja jibu.

Ukitaka kuijua shule ya Uingereza, anzia kwenye korido ya makoti. Kila mtoto ana ndoano yake yenye jina na picha, na chini yake gambuti: nyekundu, za kijani, zenye vyura, zenye matope ya juzi. Makoti yanakauka karibu na vyuma vya joto na kutoa harufu ya sufu mbichi, ndizi zilizosahauliwa mfukoni na sabuni.

Siku ilianza kwa ibada. Sheria inazitaka shule za serikali kuwa na ibada ya pamoja kila siku, na mzazi asiyetaka anaweza kumtoa mwanawe. Kasisi wa parokia alikuja na sweta lenye manyoya ya mbwa, akasimulia habari ya Msamaria Mwema, akimtumia mvulana mmoja kama punda. Punda alichukua kazi yake kwa uzito kupita kiasi, akagoma kumbeba majeruhi. Kisha wakasali Baba Yetu. Mimi niliyekulia Muheza, karibu na Magila ya wamisionari wa Kianglikana, niliufuata mdundo wake kwa Kiswahili changu kimyakimya, tukamaliza pamoja. Shule hii ya Kanisa la Uingereza iko chini ya dayosisi ya Carlisle, katika jimbo la York, ambalo askofu mkuu wake kuanzia 2005 hadi 2020 alikuwa John Sentamu, mzaliwa wa Uganda. Mwalimu mkuu alinikumbusha hilo kana kwamba Sentamu ni mjomba wangu.

Usidhani lakini kwamba hapa wanalelewa makasisi wadogo. Familia nyingi huonekana kanisani Krismasi na kwenye sikukuu ya mavuno, basi. Shule ni ya kijiji, haina karo, na mishahara inalipwa na serikali. Kanisa lilitangulia tu kufika: chama chake cha elimu, National Society, kilianzishwa mwaka 1811, na ruzuku ya kwanza ya serikali kwa shule haikuja hadi 1833. Mpaka leo takriban robo ya shule za msingi za nchi hiyo ni za Kanisa la Uingereza, nyingi zikiwa vijijini.

Kwa kuwa watoto ni wachache, madarasa yamechanganywa. Chumba kimoja kina wadogo wa miaka minne hadi saba, kingine wakubwa hadi kumi na mmoja. Kwa wadogo kulikuwa na kelele za sauti za herufi, kila mmoja akitamka kwa ulimi, meno na mate. Halafu mwalimu, binti wa wafugaji, akawageuzia hesabu ya kondoo ya mababu zao: yan, tan, tethera, methera, pimp. Wakaimba hadi tano, wakipiga magoti kwa viganja. Nami nikadaiwa yangu. Moja, mbili, tatu, nne, tano! Kabla ya mapumziko kulikuwa na mtoto mmoja chini ya meza akihesabu yan, mbili, tethera, nne, na hakuna aliyemsahihisha.

Kwa wakubwa mambo yalikuwa makali zaidi. Walio mwaka wa nne walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kitaifa wa jedwali la kuzidisha: maswali 25, sekunde sita kila moja, kwenye kompyuta. Nilijaribu pembeni. Saba mara nane ilinitoa jasho, na sisi tulikariri kwa fimbo! Huku fimbo ilipigwa marufuku katika shule za serikali tangu miaka ya 1980, na sikuona dalili ya mtu kuikumbuka. Mkubwa akikwama humwuliza mwenzake. Mdogo akilia, wa miaka kumi ndiye humfuta kamasi. Sijui shule kubwa ingefundishaje somo hilo.

Mchana ulikuwa Ijumaa kwa kila hali: samaki wa kukaanga, chipsi, njegere, na baadaye keki ya moto iliyozama kwenye kastadi ya njano. Wadogo wa miaka mitatu ya kwanza ya shule hula bure tangu mwaka 2014. Mpishi aliniongezea kastadi bila kuniuliza, na sikumrudisha.

Alasiri darasa la wakubwa lilipanda basi kwenda Grasmere, nami nikafungashwa humo. Msichana aliyepewa kazi ya kunilinda aliniuliza kama kwetu kuna simba. Nikasema wapo. Akanyoosha kidole juu ya mlima Helm Crag, ambako miamba ya kileleni huitwa Simba na Mwanakondoo. "Na sisi tunaye," akasema, mjadala ukafungwa.

Wordsworth, mshairi wa bonde hili, amezikwa kwenye uwanja wa kanisa la St Oswald, karibu na mto Rothay. Watoto walisimama kaburini kwa adabu ya dakika mbili, kisha pua zikawashinda. Pale langoni mwa kanisa kuna kijumba kinachonukia tangawizi, sukari na siagi hadi barabarani. Kilijengwa mwaka 1630 kuwa shule ya kijiji, na Wordsworth, mkewe Mary na dada yake Dorothy waliwahi kufundisha humo. Baadaye akahamia mpishi Sarah Nelson, ambaye mwaka 1854 alianza kuoka mkate wa tangawizi unaouzwa mpaka leo. Ni mkavu kama biskuti kwa juu, unatafunika katikati, unachoma kooni taratibu. Kwa mtu wa pwani aliyezoea tangawizi ya kwenye chai, ni pongezi kutoka mbali.

Wasiwasi nao upo. Nyumba nyingi za mabonde haya zimenunuliwa na watu wa mjini wanaokuja likizo tu. Vijana hawamudu bei, na bila vijana hakuna watoto. Kwa shule yenye wanafunzi hawa wachache, familia mbili zikihama ni pigo la bajeti. Kwa maoni yangu, bonde linaloacha shule yake ife limekubali kuwa hoteli.

Ukitaka kwenda, panda treni hadi Windermere, reli inapoishia, kisha basi namba 555. Usiibukie shuleni, mwandikie mwalimu mkuu mapema. Na kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Julai. Ndipo watoto wa Grasmere hubeba matete na maua hadi kanisani, kukumbuka enzi ambazo sakafu ilikuwa udongo mtupu na ilibidi itandikwe. Mgeni yeyote anaruhusiwa kufuatana nao. Mkate wa tangawizi wa siku hiyo, hata hivyo, hugawiwa watoto walioandamana. Wewe utapanga foleni dukani.